Sinema ya Darasa la Tatu

Sheria inataka kila mtoto wa darasa la tatu aitazame nyumbani ile sinema ya zamani ya vita vya nyuklia. Mzazi hukaa kando, marufuku kumfumba macho au kumwambia ni maigizo. Kifaa cha serikali cha ukutani kinasikiliza. Eti hofu ndiyo inayotuweka hai.

Ilipokwisha, binti yangu Mwajabu alikwenda jikoni akajaza maji ndoo, sufuria, hata vikombe vya chai.

"Mama, wewe uliitazama?"

"Niliitazama, mwanangu."

"Uliacha lini kuogopa?"

Nilikitupia jicho kile kifaa. Nikampeleka chumbani, nikavuta kutoka uvunguni madumu yangu ya maji ya tangu utotoni.

"Kila Ijumaa unamwaga maji, unajaza mapya, yasivunde," nikamwambia. "Njoo nikuoneshe."