Gari Hili Halipigizwi Mlango

Mnunuzi wa kwanza alifukuzwa kwa kosa la kupigiza mlango.

"Hilo si jokofu," mwenye gari alimwambia, akamwonyesha geti.

Wa pili aliuliza linakula mafuta kiasi gani. Huyo hakujibiwa, aliachwa amesimama uani mpaka aibu ikamwondoa. Wa tatu alitaka kulipaka rangi nyekundu, akaambiwa aende akajipake yeye.

Mtaa mzima ulimwita mwenye gari Milango Miwili, kwa sababu ya gari hilo hilo: la zamani, fupi, rangi ya maziwa, viti vya nyuma vya kukalia watu msiopendana nao. Alilinunua ujanani kwa fedha za kuezekea nyumba. Mkewe, mshonaji, alikinga matone kwa masufuria misimu miwili ya mvua, na alichouliza ni kimoja tu.

"Nalo linavuja?"

"Halivuji."

"Basi tutalala humo."

Tangu siku ile alipiga marufuku usukani kuguswa na mtu ila yeye na fundi wake. Mahakamani, alikokuwa karani, alikwenda kwa baiskeli ili gari lisipigwe jua. Siku ya gari ilikuwa Jumapili. Alifunua turubai, akarudisha kiti nyuma, akamzungusha mkewe mjini taratibu, mama wa watu kapakata mkoba wake.

Gari lilikuwa na tabia zake, naye alizisimulia kama mtu anayesimulia utundu wa mjukuu. Kiti cha dereva kilijisogeza mbele katikati ya wiki. Mafuta yalipungua likiwa limelala. Klachi ndiyo usiseme, fundi aliibadilisha mpaka akachoka.

"Mzee, hii imekanyagwa na jeshi zima," fundi alilalamika.

"Vipuri vya siku hizi," alijibu Milango Miwili.

"Havina maana kabisa," mkewe alimuunga mkono.

Akipenda, chongo huita kengeza.

Sasa macho yake mwenyewe ndiyo yaliyomsaliti. Daktari alimkataza usukani, naye hakuwa na la kubisha, maana wiki ile alikuwa ameisimamishia gari nguzo ya umeme kwa heshima zote akidhani ni askari. Akapewa likizo ndefu, akakaa nyumbani kulitazama turubai.

"Si lazima uliuze," mkewe alimwambia.

"Likae lioze? Nani ataliendesha humu ndani, wewe?"

Mkewe alikata uzi kwa meno.

Bei haikumshughulisha. Alichotaka ni mtu mmoja tu duniani atakayelielewa gari lile. Akimkosa, lingefia pale uani huku yeye analisikiliza, na wazo hilo lilimnyima usingizi.

Alhamisi hiyo mkewe alikuwa ametoka kupeleka nguo kwa wateja, kama kila Alhamisi. Miaka yote mumewe alizisifu nyayo zake: kwa miguu mpaka ng'ambo ya mji na kurudi, bila tone la jasho. Ila tangu yeye aanze kushinda nyumbani, mama alikuwa akirudi anachechemea. Umri, Milango Miwili aliwaza, haumwachi mtu.

Geti likagongwa. Alikuwa msichana muuguzi, bado amevaa viatu vyeupe vya wodini.

"Nimesikia gari linauzwa, sikuamini. Mwenyewe yupo?"

"Mwenyewe ni mimi."

Msichana alitazama dirisha la nyumba, akamtazama yeye, akatazama tena dirisha.

"Aa. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lifungue, nikuone."

Akaufungua mlango akiunyanyua kidogo, kwa sababu bawaba zimechoka. Akaufunga kwa kiganja, polepole, kama anayefunga chumba cha mtoto aliyelala. Akavuta choki nusu, akawasha, akangoja ngurumo itulie. Milango Miwili aliingia upande wa abiria, ambako hakuwahi kukaa maishani, akashika magoti yake.

Wakauzunguka mtaa. Ikafika zamu ya gia ya pili, ile iliyomuumbua fundi. Msichana aliiachia kwanza katikati, akapumua, ndipo akaiingiza. Haikulia hata kidogo.

"Umewahi kuendesha gari kama hili?"

"Kama hili hili, mzee."

Hakuuliza zaidi. Waliporudi uani alilia waziwazi, machozi ya mtu anayemwoza binti yake na kujua kwamba mkwe ni mzuri kuliko alivyoomba. Bei walikubaliana kwa maneno machache, kisha akauchomoa ufunguo wa akiba mfukoni na kuuweka katika kiganja cha msichana.

"Lichukue, mwanangu. Duniani tunaolijua ni wawili tu, mimi na wewe."

Msichana alikuwa ameshakaa kwenye usukani, gari linanguruma, mkewe alipoingia getini na kapu tupu, akichechemea. Milango Miwili alimwendea akamshika mkono. Alijua mama huyu hakuwahi kulipenda gari, lakini siku kama hiyo mtu huhitaji wa kumwegemea.

"Mke wangu, nimempata," alisema. "Sasa naweza kulala."

Msichana alizima gari, akashuka haraka, akapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu," alisema. "Sasa wale wenzangu wa Alhamisi utawafundishia gari gani?"