Neno la Wakili

Barua ya wakili ilikuwa imechanganyika na karatasi ambazo Sundus alitakiwa kuzitia sahihi. Ami yake, mwalimu wa madrasa asiyesoma Kiingereza, ndiye aliyezileta zote katika bahasha moja, akaketi kusubiri.

Sundus aliisoma mara mbili. Wakili alikuwa amemwandikia ami: msimamizi mpya wa wakfu, kama ulivyotueleza, ni mtu "pliable".

Neno hilo hakulijua. Alilitafuta kwenye simu, nyuma ya meza ya duka lake la vitambaa hapo Kamwokya, Kampala. Rahisi kupinda, rahisi kushawishika. Asili yake Kifaransa cha kale: kukunja.

Kukunja! Mkono wake ulishuka wenyewe juu ya hariri ya gomesi, vazi la wanawake wa Kiganda, ukaikunja. Hariri haikubisha hata kidogo. Wiki nzima alikuwa akijiuliza kwa nini, kati ya wajukuu wote wa babu, wakiwemo kaka zake wenye mdomo, kiwanja cha wakfu cha Kisugu, kisichouzwa wala kurithiwa, akabidhiwe yeye aliyezoea kusema "ndiyo, ami".

"Ni sahihi tu, mwanangu," ami alisema, akipuliza chai. "Mambo ya ofisini hayo. Usijichoshe kusoma."

Aliikunjua hariri. Alama ya mkunjo ilibaki palepale.

"Ami," alisema, akifunika kalamu, "mnunuzi ameshapatikana?"

Kikombe cha mzee kilisimama kabla hakijafika mdomoni.