Siku Tatu Marijani

Katika jiji la Marijani, meza za kamari hazikupokea fedha. Mtu aliweka nafasi yake katika familia, na aliyeshinda aliichukua kisheria.

Kasiani alipeleka familia yake huko kwa siku tatu. Siku ya kwanza walitazama maporomoko ya kioo. Ya pili walicheza dansi, kisha akaweka ubaba wake mezani. Akashindwa na mgeni wa chumba cha jirani hotelini.

Siku ya tatu, wakifungua kinywa, alimwambia binti yake, "Nyamizi mwanangu, nipe chumvi."

"Chukua mwenyewe, Kasiani," alijibu mtoto. Alikuwa na miaka sita.

Leokadia, mkewe, alipaka mkate siagi. "Si ulisema una bahati?"

"Nitaukomboa ubaba wangu. Bado nina nafasi ya mume ya kuweka."

"Weka. Yangu ya mke niliiweka jana, ulipokuwa ukioga."

"Ukashindwa?"

"Niliomba karata makusudi mpaka nikashindwa. Mkeo mpya yuko ghorofa ya saba."

Yule mgeni wa chumba cha jirani alifika akivuta sanduku. Nyamizi akasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Funga viatu, basi linatungoja."

Kasiani aliinama kumfungia Nyamizi kamba za viatu, kama kila asubuhi. Mtoto akavuta mguu.