Saa ya Mwanasiti

Katika ukoo wao, baba humnunulia mzaliwa wa kwanza saa imara, akaivaa yeye mwenyewe mpaka mtoto akue. Mwinyikombo alichagua ya chuma, nzito, isiyoingia maji.

"Ya nini hiyo, mdogo wangu?" kaka yake alicheka mbele ya muuzaji. "Si umepata wa kike? Chukua ya plastiki. Saa ya ukoo ingoje dume."

Hasira ilimpanda Mwinyikombo. Aliipigiza saa kwenye kaunta hata muuzaji akaruka, kisha akaiweka sikioni. Ilikuwa ingali ikitembea.

"Nichoree jina nyuma," alisema. "Mwanasiti. Herufi kubwa, kaka azisome bila miwani."

Mashine ya kuchorea ikalia. Vumbi la chuma likaruka, likatua kwenye kanzu nyeupe ya kaka, naye hakulipangusa.