Mkate kwenye Theluji

Mkate ulimponyoka Idder, ukaanguka kwenye theluji, naye akaukanyaga. Meno ya chuma aliyofunga chini ya viatu yakautoboa, ukanasa hapo hapo.

Akakung'uta mguu kama mtu aliyekanyaga mavi.

Tulikuwa tumeshafungwa naye kamba moja viunoni, tayari kupanda mlima Toubkal: yeye mbele, kisha mimi, na nyuma yangu mtu na mkewe kutoka mji wa Taroudant. Mwongozaji tuliyemwajiri hakutokea. Alikuja huyu Idder, akajitia binamu yake, mzaliwa wa bonde hili.

Mama yangu ni wa bonde hili. Huku mkate ukianguka, hata mtoto huuokota, akaubusu, akauweka juu ya jiwe ili ndege wale.

"Kaka Idder, binamu yako anaumwa nini vile?"

"Mafua tu, dada. Wewe una maswali kama polisi!"

Nikainama, nikauchomoa mkate kwenye yale meno, nikaubusu mbele ya macho yake. Nilikuwa nampa nafasi ashtuke, walau aseme astaghfirullah.

Akacheka. "Sasa unabusu uchafu? Hebu twende, jua likiwaka theluji itaporomoka."

Nikaanza kufungua fundo kiunoni. Lilikuwa limeganda, na vidole vyangu vimekufa ganzi. Nikageuka kuwanong'oneza wenzangu.

Ncha ya kamba waliyokuwa wamefungwa ilikuwa imelala tupu kwenye theluji. Mtu na mkewe walikuwa mbali, wanateremka bila kuangalia nyuma.

Kiunoni mwangu, kamba ikavutwa.