Mkia wa Kondoo

Mshamu alipolazwa kwa ugonjwa wa moyo, Dadi, mdogo wake wa tumbo moja, alimleta fundi nyumbani kwa kaka yake kupima ukuta wa kubomoa. "Kaka harudi," alimwambia fundi. "Hapa nitafungua duka."

Mshamu alirudi, na maneno hayo akayapata kwa mkewe.

Tangu hapo alikula kwa kisasi. Daktari alimwambia mafuta yamezidi katika damu yake, basi samli, sukari na nyama nono akaziaga. Kila mchicha alioutafuna, alimtafuna Dadi. Alfajiri alitembea mpaka jasho limtoke, na akipita chini ya dirisha la mdogo wake alijikohoza makusudi.

Kwenye harusi ya mpwa wao, Dadi alimwekea mbele mkia wa kondoo unaochuruzika mafuta.

"Kula, kaka. Mtu hafi ila kwa siku yake."

"Ahsante, mdogo wangu. Daktari anasema damu yangu sasa imesafika. Kula wewe, mimi nikutazame."

Watu walicheka. Kwa hasira, Dadi aliumaliza mkia wote.

Baada ya karamu walipanda kilima kurudi makwao, Mshamu mbele, Dadi nyuma akihema. Mara hatua za nyuma zikakoma.

"Kaka, ningoje. Kifua kinanibana."

Mshamu alisimama. Aliujua mbano ule. Ngoma ya harusi ilikuwa bado inalia huko chini, naye alisimama vivyo hivyo, amempa mdogo wake mgongo, akiusikiliza moyo wake mwenyewe ukidunda taratibu.