Picha ya Saba ya Zulma

Picha sita zilikuwa zimekataliwa, zote kwa ajili ya macho.

"Bibi, sheria inasema mgonjwa atazame mbele, macho wazi," Fabricio alisema kwenye tundu la kioo. "Hapa anatazama dari. Hapa amefumba. Na hii je, ni mtoto au ukungu?"

Alipenda utani karani huyo. Roho mbaya hakuwa nayo.

Bibi Saturnina alizikusanya picha zake. Mjukuu wake, Zulma, miaka mitano, kifafa kilimshika hata mara ishirini kwa siku. Kilichomtuliza ni mafuta ya bangi tu, aliyoyapika mama yake, Rufina, kutoka kwenye miche mitatu nyuma ya jiko. Polisi waling'oa miche, wakaondoka na Rufina. Hakimu akasema: kadi ya mgonjwa, ya kuruhusu mafuta hayo, ikiletwa, mama ataachiwa siku hiyo hiyo.

Na kadi haitoki bila picha.

"Mwanangu, chupa imebaki matone."

"Basi mpige picha kabla hayajaisha, bibi. Sheria sikuitunga mimi."

Juma la tatu alishuka tena kutoka Puna, juu milimani, na picha ya saba. Fabricio aliiinua kwenye mwanga, akapiga mluzi.

"Ee! Leo bibi umenishinda. Gauni jeupe, nywele zimesukwa, macho mbele kabisa! Na hivi vyeupe mabegani?"

"Mbawa. Za karatasi."

"Kumbe mna sherehe, na hamtualiki!"

"Watu wamekuja wengi."

"Mlimfanyaje hata akatulia hivi?"

"Wanawake wa kwetu wanajua kumtengeneza mtoto."

Fabricio akacheka, akagonga muhuri. Kadi ilitoka mashineni ingali na joto.

"Haya, dawa imehalalika. Mkimbilie mjukuu wako, bibi."

"Ahsante, mwanangu."

Aliifunga kadi kwenye ncha ya shali yake, mafundo mawili. Kituoni aliliacha basi la milimani lipite, akapanda la gerezani. Padri alikuwa ameahidi kungoja mpaka saa kumi. Baada ya hapo wangelifunga jeneza dogo, Rufina awepo asiwepo.